Piano Isiyo na Kitufe

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, Vidole alifagia saluni ya mama yake kuanzia mlangoni hadi kwenye beseni la kuoshea nywele. Aliloweka vitana katika maji ya sabuni, akakunja taulo, akafuta vioo. Kisha alivuta kiti hadi kwenye kona, akafunua kinanda chake cha umeme, akaanza kupiga.

Jina la Vidole hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja wa saluni, na likamganda hata shuleni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kinanda kile aliletewa na mjomba wake, tena kikiwa kimekwisha kutumika, na hakuna mtu aliyekaa naye kumfundisha. Alijifunza kwa kusikiliza redio. Wimbo akiusikia asubuhi, jioni anao. Hilo tusimnyime: sikio alikuwa nalo.

Lakini kinanda chenyewe kilikuwa kimemdekeza. Kilikuwa na kitufe chekundu ambacho ukikibonyeza, ngoma na gitaa vinajipiga vyenyewe, na wewe unabaki kutikisa kichwa. Tena kilikuwa na kitufe cha njano, na hicho ndicho Vidole alichokipenda kuliko vyote. Kila wimbo una do yake, yaani sauti ya nyumbani ambako wimbo hurudi kupumzika. Mwimbaji mwenye sauti nyembamba hutaka do ya juu, mwenye sauti nzito hutaka ya chini, na mpigaji hodari huifuata do popote iendako, kwenye vibao vyeupe na vyeusi. Vidole hakuifuata popote. Nyimbo zote alizipiga mahali pamoja, kwenye vibao vyeupe, na mtu akilalamika kwamba wimbo uko chini mno, alibonyeza kitufe cha njano na kinanda kikaupandisha chenyewe. Vibao vyeusi alivijua kwa kuvipangusa vumbi.

"Mtoto huyu ni moto wa kuotea mbali!" alisema Mama Vitambaa, mwenye duka la vitambaa jirani na saluni, ambaye hakukosa Jumamosi hata moja. Alisema hayo akiwa ameingiza kichwa ndani ya draya ya kukaushia nywele inayonguruma kama mashine ya kusaga. Wateja wengine, nao wakiwa ndani ya draya zao, walipiga makofi. Vidole aliinama kwa adabu kama mwanamuziki wa jukwaani. Hakuwahi kujiuliza mtu aliye ndani ya draya anasikia nini hasa.

Jumatatu iliyofuata, mwalimu wa muziki aliingia kwenye mazoezi ya kwaya uso wake ukiwa umekunjamana.

"Mwaka huu mashindano ya kwaya za shule yatafanyika katika ukumbi mkubwa wa mji," alisema. "Kila kwaya itatumia piano ya ukumbi, na mpigaji lazima awe mwanafunzi. Aliyekuwa anatupigia amekwisha kumaliza shule. Je, kuna yeyote hapa anayewe..."

Mkono wa Vidole ulikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza neno lake.

"Unaweza kupiga nini?" mwalimu aliuliza.

"Wimbo wowote, Mwalimu."

"Wowote kweli, Mwalimu!" alidakia Chiriku. Huyu alikuwa rafiki yake Vidole na mwimbaji kiongozi wa kwaya, na jina lake alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. "Saluni kwao watu wanasahau hata kulipa kwa jinsi anavyopiga!"

Mwalimu alicheka, akawaongoza wote hadi maktaba, ambako piano ya shule ilikuwa imesukumwa ukutani nyuma ya rafu. Ilikuwa kubwa, nyeusi, na kifuniko chake kililia kilipofunguliwa. Vidole aliketi. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akainama hata chini ya vibao.

"Umeangusha kitu?" Chiriku alimnong'oneza.

"Natafuta vitufe," Vidole alijibu kwa sauti ndogo.

Vitufe havikuwapo. Vidole akaanza wimbo wa mashindano palepale alipozoea, kwenye vibao vyeupe. Chiriku akaingia, lakini sauti ilikuwa chini mno kwake, na ule wimbo wa furaha ukatoka kama mtu anayesinzia. Wenzao walipoingia, kwaya nzima ilinguruma.

"Simama, simama," alisema mwalimu. "Do ya wimbo huu haiko hapo. Iko hapa juu, kwenye kibao hiki cheusi. Hamia hapa."

Vidole alihamia. Akagusa kibao cheusi, akatafuta kinachofuata, akakikosa. Akajaribu tena, akaangukia kibao kilichotoa sauti ya paka aliyekanyagwa. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na kicheko kikasambaa. Vidole alihisi masikio yakimwaka moto. Na hapo ndipo ulimi ulipoteleza.

"Nimeteguka kidole, Mwalimu," alisema. "Tangu jana."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Pole sana. Mbona hukusema? Nenda ukapumzike, utapiga kikipona."

Huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. Njiani kurudi nyumbani alichana kipande cha kitambaa, akajifunga kidole cha shahada ili uongo uwe na ushahidi.

Saluni ilikuwa tupu mchana ule. Mama yake alikuwa anasafisha beseni. Alimtazama binti yake kuanzia kichwani hadi kwenye kile kitambaa.

"Kidole kimefanya nini?"

"Kimeteguka, Mama."

Mama akaushika mkono wake, akafungua kitambaa, akakikunja kidole huku na huku taratibu, macho yake yakiwa usoni kwa binti yake. Vidole alisahau kulia "aa!".

"Kidole hiki kizima," alisema Mama. "Kilichoteguka ni kitu kingine. Kaa chini uniambie."

Vidole alikaa, na maneno yakamtoka yote: piano, kibao cheusi, kicheko na uongo. Alipofika mwisho alikuwa analia kwelikweli. "Watampa mtu mwingine nafasi yangu, Mama. Na kama hakuna mwingine, tutashindwa kwa sababu yangu."

Mama hakumgombeza. Alichukua utepe mpana wa kufungia maboksi ya dawa za nywele, akabandika kipande juu ya kitufe chekundu, na kingine juu ya kitufe cha njano. Kisha akaweka simu yake juu ya kinanda, akaiwasha irekodi.

"Nipigie wimbo wenu wa kwaya. Wote, bila kusimama."

Vidole alipiga hadi mwisho. Mama akaurudisha wimbo wakausikiliza pamoja. Saluni ilikuwa kimya, draya zote zimezimwa, na kila sauti ilisikika.

"Huyo ni nani?" Vidole aliuliza, ingawa alijua.

"Ni wewe, mwanangu."

Penye urahisi wimbo ulikimbia mbio, penye ugumu ukajikokota. Mkono wa kulia uliimba vizuri, lakini wa kushoto ulikuwa unagonga vibao viwili tu, vilevile, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na wenyewe. Vidole alitamani kuizima simu.

"Hao wote walionisifu walikuwa wananidanganya?"

"Hawakukudanganya. Wanakupenda, tena walikuwa ndani ya draya." Mama akatabasamu, akavuta kiti akaketi mbele yake. "Sikiliza. Mteja akikaa hapa, siendi kwenye kichwa chake na kitana moja kwa moja. Kwanza nakitazama chote. Najua wapi nywele ni imara na wapi zimekatika. Ndipo namwambia mtindo huu utakubali, ule hautakubali, labda mwezi ujao. Nikisema naweza kila mtindo, nitamharibia kichwa. Sasa wewe jitazame. Imara ni wapi?"

Vidole alifikiri. "Nasikia haraka. Na mkono wa kulia unaweza."

"Kweli kabisa, hata mimi nimesikia. Na palipokatika?"

"Mkono wa kushoto. Halafu nakimbia." Akafuta machozi. "Na vibao vyeusi sivijui kabisa, Mama. Kitufe ndicho kilichokuwa kinavijua."

"Vizuri."

"Vizuri vipi tena?"

"Sasa tuna pa kuanzia. Haya, mpaka siku ya mashindano unaweza kujifunza do zote?"

Vidole wa jana angesema ndiyo, tena angejipiga kifua. Vidole wa leo aliutazama ule utepe. "Hapana. Labda moja. Hii ya wimbo wetu."

"Basi hiyo moja uijue mpaka ikukubali. Nyingine zitakuja kwa zamu yake. Na kesho asubuhi, kabla ya kengele, mwalimu wako aujue ukweli kutoka kinywani mwako."

Usingizi wa siku ile haukuwa mtamu. Asubuhi Vidole alimkuta mwalimu mlangoni mwa maktaba, akamsalimia, akajikaza.

"Mwalimu, kidole hakikuumia. Nilidanganya. Nilizoea kupiga mahali pamoja, na kitufe kilikuwa kinanisaidia. Sijui kupiga kwenye vibao vyeusi."

Mwalimu alikunja mikono kifuani. "Umenikasirisha," alisema. "Nilikuwa nakuonea huruma bure. Lakini umekuja mwenyewe, na hilo nalo nimeliona. Wiki hii piano ni yako wakati wa mapumziko. Ijumaa nataka ubeti wa kwanza, mikono yote miwili, do mahali pake. Ukiuweza, utatupigia. Usipouweza, nitaiondoa kwaya kwenye mashindano, maana bila mpigaji hatupokelewi."

Kwa hiyo ilikuwa wazi. Safari ya kwaya nzima ilikuwa imening'inia kwenye mkono wake wa kushoto, ule mvivu.

Akachapa kazi. Mapumziko wenzake walipokuwa wanafukuzana uwanjani, yeye alikuwa nyuma ya rafu za vitabu, akipiga mkono wa kushoto peke yake, polepole hadi nzi wangeweza kutua juu ya vidole vyake. Dawa ya kukimbia aliileta Chiriku. Alizunguka chumba kwa hatua zilizo sawa huku akiimba, na Vidole alitakiwa kupiga kwa mwendo wa hatua hizo.

"Umenipita!" Chiriku alipiga kelele. "Mimi bado niko kwenye dirisha, wewe umeshafika mlangoni!"

"Nisubiri basi!"

"Nikusubiri wewe uliyetangulia? Rudi huku!"

Wakacheka hadi mkutubi akaja kuwatazama, kisha wakaanza upya.

Nyumbani mazoezi yaliendelea kwenye kinanda kilichobandikwa utepe. Wateja hawakufurahi. Siku moja Mama Vitambaa alitoa kichwa nje ya draya.

"Jamani, huo wimbo unaumwa? Mbona unachechemea?"

"Naufundisha mkono wa kushoto, mama."

"Ufundishe ukiwa peke yako! Sisi tupigie zile zetu za zamani, tuchangamke."

Wengine wakaitikia, "Ndiyo, Vidole, tuchangamshe!" Vidole aliugusa utepe kwa ukucha. Kona yake moja ilikuwa imeanza kubanduka. Angevuta kidogo tu, sifa zote zingerudi dakika ileile, na alizitamani, usiseme. Mama alikuwa anamwona kwenye kioo huku akiendelea na kazi yake. Vidole aliikandamiza ile kona kwa kidole gumba mpaka ikashika, akarudi kwenye wimbo wake unaochechemea.

Ijumaa ikafika. Mwalimu alisimama kando ya piano, mikono nyuma. Vidole alipiga ubeti wa kwanza. Aliteleza mahali pamoja, akaendelea bila kusimama, akamaliza na do mahali pake.

"Bado unakimbia kidogo," alisema mwalimu. Kisha akashindwa kuuzuia uso wake usicheke. "Lakini sasa unakimbia kwenye njia yenyewe. Utatupigia."

Chiriku alimrukia shingoni karibu wamwangushe mwalimu.

Wiki chache baadaye, beti zote zikiwa tayari, siku ya mashindano ikafika. Mama alifunga saluni, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya Jumamosi. Mama Vitambaa alikataa kuachwa, akaja na kichwa kilichosukwa nusu, nusu nyingine imesimama wima, akaketi mstari wa mbele bila kujali nani anamtazama. Ukumbi ulikuwa umejaa. Piano ilikuwa imeng'arishwa hadi Vidole aliuona uso wake ndani yake. Mezani walikaa majaji watatu, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani ambaye hakuwa na haraka na mtu.

Wimbo wao ulianza na Chiriku peke yake, mstari mmoja bila piano. Ilikuwa kawaida yake kusubiri Vidole amgusie do ndipo aanze. Lakini Chiriku, yule asiyeogopa mtu, alipouona umati ule alisahau kila kitu. Hakusubiri. Akaanza.

Alianza chini.

Sikio la Vidole lililijua jambo lile papo hapo. Ilikuwa ile do ya vibao vyeupe, ya siku zote za saluni. Vidole vyake vyenyewe vilitaka kuikimbilia, maana huko ndiko vilikokulia. Lakini alikumbuka kwaya ilivyonguruma maktaba. Isitoshe, kule chini mkono wake wa kushoto haukujua kuupiga wimbo huu, na alijua hivyo bila kujidanganya. Mwalimu, aliyesimama mbele kuiongoza kwaya, alikuwa amebaki na mikono hewani, hajui aishushe au aipandishe.

Vidole akasubiri Chiriku amalize mstari na kuvuta pumzi. Katika nafasi ile ndogo akaipiga do ya kibao cheusi, mikono yote miwili, imara. Akairudia tena. Chiriku akageuza macho. Wakatazamana, na Vidole akamtikisia kichwa: panda.

Chiriku akapanda. Akaurudia mstari uleule kutoka juu, na safari hii sauti yake ilijaa ukumbi mpaka kwenye dari. Kwaya ikaingia, piano ikaingia, mwalimu akashusha mikono yake kwa furaha. Vidole hakukimbia. Alipiga kwa mwendo wa hatua za rafiki yake, kutoka dirishani hadi mlangoni, ubeti kwa ubeti. Mkono wa kushoto haukubisha hodi tena. Ulikuwa ndani ya nyumba. Waliponyamaza, watu walisimama, na Mama Vitambaa alipiga vigelegele vilivyomshtua jaji mmoja akaangusha kalamu.

Mama mwenye miwani aliinua mkono kuomba utulivu.

"Kabla hatujatoa alama, nina swali kwa mpigaji. Mmeanza chini, kisha mkaupandisha mstari uleule. Ni ubunifu mzuri sana. Nani aliubuni?"

Chiriku alimfinya Vidole mgongoni. Finyo lile lilisema: sema ni wewe! Alama zilikuwa bado hazijaandikwa. Vidole alisimama.

"Haukuwa ubunifu, mama," alisema. "Mwenzangu alianza chini kwa bahati mbaya. Mimi wimbo huu najua kuupiga kwenye do moja tu. Nikamwita aje pale ninapopajua."

Mwalimu akafumba macho.

"Do moja tu?" aliuliza jaji. "Na una nyimbo ngapi unazoziweza kwa mikono yote miwili?"

"Mmoja, mama. Huu. Wa pili naanza Jumatatu."

Kicheko kilianzia kwenye meza ya majaji wenyewe, kikaenea ukumbi mzima, na hakikufanana hata kidogo na kile cha maktaba. Mama mwenye miwani alivua miwani yake akaifuta.

"Nimekaa kwenye meza hii miaka mingi," alisema. "Wapigaji wa kuniambia wanajua kila kitu nimewasikia wengi, na kosa kama lile huwaangusha. Huyu alijua anachokiweza na asichokiweza, ndiyo maana aliokoa wimbo kwa sekunde moja. Kosa nimelikata alama. Uokoaji nimeupa alama zaidi."

Walipotangaza matokeo, kwaya yao ilikuwa ya kwanza. Mwalimu alilibeba kombe juu ya kichwa kama mtu aliyeteka maji, Chiriku akaongea mfululizo bila hata kumeza mate, na Mama Vitambaa akawaeleza wageni wote kwamba alimjua mpigaji yule tangu hajajua kitu, jambo lililokuwa kweli tupu.

Nje ya ukumbi, Mama alimkumbatia binti yake kwa nguvu, kwa muda mrefu.

"Mama, unalia?"

"Nalia, ndiyo. Kwani kuna ushuru?" Akacheka, akajipangusa, kisha akamshika mabega. "Nimefurahi mlivyoshinda. Lakini kilichonitoa machozi ni lile jibu lako. Watu wakikusifu, pokea, useme asante. Kisha ukae peke yako ujipime kwa haki: hiki nakiweza, hiki bado, kesho nitaanza na hiki. Ukijidanganya mwenyewe hakuna mwalimu atakayeweza kukusaidia, maana hatajua pa kukushika. Ukijiambia ukweli, hata kama leo una wimbo mmoja, kesho una njia ya kupata wa pili. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Haya, huo wa pili ni upi?"

Vidole aliutaja. Mwalimu, aliyekuwa anapita na kombe lake, alisimama ghafla.

"Huo? Huo ni mgumu!"

"Najua, Mwalimu," alisema Vidole. "Mkono wa kulia uko tayari. Wa kushoto bado kabisa."